Mad Men: mwanaume anayeoa ili asahau

Watu wakikusimulia Mad Men utasikia suti, sigara, wiski ofisini asubuhi asubuhi, na mwanaume mmoja mtanashati anaitwa Don Draper ambaye hamwachi mwanamke apite. Wengine wanamsifia, wengine wanamlaani, ila wote wanamchukulia kama mkware tu. Mimi nimeiangalia hii sirizi mpaka mwisho na nikairudia, na naandika hapa kwa sababu naona hilo la ukware limewafanya wengi wapitwe na kitu kikubwa kabisa kilichomo ndani. Don nafsi inamsuta. Inamsuta tangu kijana, kwa mambo ambayo hajawahi kukaa chini akayamaliza, na kila yakimsogelea ndo unamwona anatafuta mwanamke mpya. Tamaa ipo, sikatai, ila tamaa haielezi kwanini mtu anamwacha yule anayemfaa kabisa akaenda kumuoa ambaye hata hawajajuana vizuri.

Nitasimulia yote mpaka episodi ya mwisho, imeisha tangu 2015, kwahiyo ambaye hajaiona na hapendi kuharibiwa uhondo aishie hapa kwanza.

Kwa wasioijua: ilianza kuonyeshwa Julai 2007 kwenye stesheni ya AMC huko Marekani ikamalizika Mei 2015, misimu saba, episodi 92, mtunzi ni Matthew Weiner na Don kachezwa na Jon Hamm. Ilibeba tuzo ya Emmy ya tamthilia bora miaka minne mfululizo, 2008 hadi 2011. Hadithi inatembea kuanzia 1960 mpaka 1970 kwenye kampuni ya matangazo ya biashara pale Madison Avenue, New York. Don ndo mkuu wa ubunifu, ana mke mrembo, watoto, nyumba nzuri nje ya mji.

Na jina sio lake.

Jina lake ni Dick Whitman. Mama yake alikuwa changudoa akafariki akimzaa, baba yake mkali na mlevi akafa kwa teke la farasi, mama wa kambo akaenda kumlelea kwenye danguro. Kijana akajiandikisha jeshini akapelekwa Korea, 1950, wakawa wawili tu kwenye kambi na Luteni mmoja anaitwa Donald Draper. Wakashambuliwa, wakasalimika, alafu Dick kwa mikono inayotetemeka akaangusha laita yake pale mafuta yalipomwagika, mlipuko, Luteni akafa pale pale. Dick akamvua marehemu kile kibati cha jina cha shingoni akavaa yeye, chake akamwachia maiti. Kuanzia hapo Dick Whitman kafa vitani na Don Draper karudi nyumbani.

Sasa kuna kipande kifupi sana cha treni ambacho mimi naona sirizi nzima imo humo. Jeshi linamtuma huyu "Don" akasindikize jeneza la "Dick" mpaka kwao. Treni inafika, familia iko pale stesheni inapokea mwili, na mdogo wake Adam, bado mtoto, anamwona kaka yake dirishani akiwa mzima anaanza kupiga kelele na kulikimbilia treni. Dick hashuki. Kakaa. Na pembeni yake kuna mwanamke ambaye hamjui hata jina, anamwambia amsahau huyo kijana aliyeko kwenye sanduku, ana maisha yake yote mbele, twende nikununulie kinywaji. Mdogo wake analia nje, mwanamke mgeni yuko ndani na kinywaji, na yeye anamfuata mwanamke. Amekuwa akifanya hivyo hivyo miaka ishirini iliyofuata.

Adam anarudi kwenye msimu wa kwanza. Kaona picha ya Don gazetini, kamtafuta, kafurahi kweli kweli kumpata kaka yake, hana dai lolote, anataka ndugu tu. Don anampelekea dola 5,000 hotelini anamwambia aondoke asirudi tena maishani mwake. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ataenda kumuua kwa jinsi alivyofungua ile droo yake na kuondoka na mkoba. Bora ingekuwa hivyo ungemchukia ukamaliza, lakini anamkumbatia mdogo wake, anamkumbatia kwa nguvu, alafu anamfukuza. Adam anakuja kujinyonga kwenye kile chumba. Kabla ya kufa kamtumia Don boksi la picha za utotoni, boksi linadakwa na Pete Campbell wa ofisini ambaye anatishia kumwanika kwa mabosi, na Don, bado hajajua kuwa mdogo wake kafa, anakimbilia wapi? Sio kwa mke wake. Anakimbilia dukani kwa Rachel Menken, yule dada mwenye duka kubwa, mteja wao, mchepuko wake wa msimu huo, anamwambia tuondoke leo leo twende Los Angeles tukaanze upya.

Rachel ana akili. Anamuuliza, na watoto wako? Don anasema atawatumia hela. Na hapo Rachel anaona kitu ambacho sisi watazamaji tulikuwa hatujakiona, kwamba huyu mtu hataki kutoroka na yeye, anataka kutoroka tu, yeye kakutwa njiani. Anamwita mwoga usoni na anaachana naye. Sijui sirizi ngapi zingemwachia mwanamke wa namna hiyo amsome shujaa namna hiyo kwenye msimu wa kwanza tu.

Jambo la pili linaloonyesha dawa ya Don ni lile la Peggy Olson hospitali. Peggy ni sekretari wake aliyepanda kuwa mwandishi wa matangazo, alipata mimba ya Pete bila hata kujitambua, akajifungua, akachanganyikiwa, akalazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Don anamtembelea, anakaa karibu yake anamwambia atoke humo, asonge mbele, hili halijawahi kutokea, na atashangaa jinsi ambavyo halijawahi kutokea. Kwa sauti ya upole kabisa! Kwa nia njema kabisa! Ni kama baba anampa mwanae siri ya familia. Hilo ndo limemfikisha hapo alipo na anaamini kweli linafanya kazi. Shikilia hayo maneno, yatarudi.

Sasa kuna mwanamke mmoja ambaye kwake Don yuko tofauti kabisa, anaitwa Anna, na ndo mjane wa yule Luteni halisi. Alimfuatilia mpaka akamkuta anauza magari yaliyotumika, akamwambia wewe sio Don Draper. Ungetegemea polisi. Badala yake Anna alimsikiliza, akamwelewa, wakawa marafiki wa damu, Don akamnunulia nyumba California na alipotaka kumuoa Betty, yule mke wake mrembo, akaenda kumwomba Anna talaka ya makaratasi kwa heshima zote. Kwa Anna anaitwa Dick. Anakaa miguu peku, anacheka, kwenye msimu wa nne anampakia rangi ukuta alafu anaandika chini pale Dick na Anna na mwaka 64. Hakuna mapenzi ya kimwili kati yao, na mimi naamini ndo mapenzi ya kweli pekee aliyowahi kuyapata mtu mzima huyu. Sababu iko wazi ukiifikiria: Anna ndo mdai. Huyu ndo aliyedhulumiwa mume na jina, na kasamehe. Don hana cha kumficha kwa hiyo hana haja ya kumkimbia. Wanawake wengine wote wanapewa kile kilichobaki.

Betty, mke wa kwanza, miaka kumi hajui kalala na nani. Msimu wa tatu anapata funguo, anafungua ile droo, anakuta picha, vibati, hati ya talaka ya mwanamke ambaye hajawahi kumsikia. Anamsubiri. Na Don anaingia nyumbani kuchukua begi tu manake nje kwenye gari anamsubiri Suzanne, mwalimu wa binti yake, walikuwa waende kujificha mahali. Anakuta Betty kasimama na boksi. Jon Hamm hapo mwili wake wote unabadilika, mikono inatetemeka mpaka sigara zinamdondoka, ule ujasiri wote wa ofisini umeyeyuka, kabaki yule kijana wa shamba. Anasema kila kitu, na akifika kwa Adam analia, na Betty, na hasira zake zote, anamwekea mkono. Suzanne huko nje kwenye gari mpaka anachoka anajiondokea kwa miguu, hakuna hata anayemkumbuka.

Hapo Don angeweza kupona, mi nasimamia hilo. Alikuwa kasema. Lakini alisema kwa sababu kakamatwa, na kwenye wiki chache tu Betty anamwambia simpendi tena, anaenda kwa mwanaume mwingine, Henry Francis, ndoa imekufa mwishoni mwa 1963. Kwahiyo somo alilobeba ni baya kuliko lile la mwanzo: wakinijua wananiacha. Alafu Anna anapata saratani, anakufa, kwenye ile episodi ya The Suitcase ambayo wengi wanaiita bora kuliko zote na mimi nimo. Usiku mzima ana ujumbe wa kupiga simu California na hapigi, anajua kabisa habari gani iko upande wa pili, anamng'ang'ania Peggy wafanye kazi ya tangazo la masanduku mpaka alfajiri. Asubuhi anapiga, anaambiwa, analia mbele ya Peggy na kusema aliyekufa ndo mtu pekee duniani aliyemjua kweli. Peggy anamwambia sio kweli.

Na sasa ndo nafika kwenye kile kilichonifanya niandike hii yote, maana kila nikikutana na mtu kaiangalia Mad Men namuuliza swali moja, kwanini Don alimwacha Faye?

Dokta Faye Miller, msimu wa nne, mtaalamu wa saikolojia anayefanya utafiti wa wateja kwa kampuni. Mkubwa, ana kazi yake, ana msimamo, anamjibu Don bila kumwogopa. Inatokea serikali inamfanyia Don uchunguzi wa nyuma kwa sababu ya mteja wa mambo ya ndege za kijeshi, Don anapata hofu mpaka kifua kinambana, jasho, anatapika, anadhani anakufa, na Faye yuko pale. Kwa mara ya kwanza kwenye sirizi nzima Don anamwambia mwanamke ukweli wa Korea kwa mdomo wake mwenyewe bila kuonyeshwa boksi. Na Faye hakimbii! Anasema tutalitatua. Siku zilizofuata anamshauri tena kwa upole kwamba hiyo hali mbaya anayoisikia inaweza kuondoka akiacha kuukimbia wakati wake uliopita. Haya, ukipata mtu wa hivyo unafanyaje? Unashukuru Mungu.

Don mwisho wa ile ile episodi aliyoungama anakaa ofisini kwake anaangalia nje kupitia mlango, anamwona Megan, sekretari wake mpya, anajipaka lipstiki. Anamwangalia tu. Kamera haisemi kitu kingine. Mara ya kwanza sikuielewa, mara ya pili nilisimamisha, manake hapo ndo maamuzi yamefanyika na yeye mwenyewe hajui. Amemwambia Faye kila kitu kwahiyo sasa Faye ni mahali ambapo hilo jambo linakaa, akimwona Faye anaiona Korea. Megan hana Korea yoyote usoni.

Inakuja episodi ya mwisho ya msimu, Tomorrowland. Betty kamfukuza kazi Carla, yule mama mweusi aliyewalea wale watoto miaka yote, kwa sababu ya kijinga kabisa, kwahiyo Don hana wa kumsaidia watoto safari ya California, anamwomba Megan aende nao. Wakiwa kule wanapita nyumba ya marehemu Anna, mpwa wake Stephanie anamkabidhi Don pete ambayo Anna alimwachia. Ni pete ya uchumba ambayo Luteni Draper halisi alimvisha Anna. Nyie mnaelewa hiyo pete ni nini? Ni pete ya mtu aliyemuua kwa bahati mbaya na akatembea na jina lake. Siku chache baadae watoto wanagombana mezani milkisheki inamwagika, Don anajiandaa kwa kelele maana Betty angefoka, Megan anasema ah ni milkisheki tu, anafuta. Don anamtazama kama mtu kaona malaika. Wamerudi New York anamvisha ile pete.

Kwa hiyo anaenda kuanza upya, na anaanza upya kwa pete ya marehemu. Mtunzi hasemi neno hapo, anakuachia tu uione kwenye kidole cha yule binti msimu hadi msimu. Simu anayompigia Faye ni ya kuumiza, Faye anamwambia anatumaini huyo binti anajua kwamba Don anapenda mianzo ya mambo tu. Ni kweli anapenda mianzo, ila nadhani hata Faye hakumalizia, mwanzo unapendwa na mtu ambaye katikati ya mambo kuna kitu kinamsubiri.

Kuna watakaonipinga hapa kwamba Megan naye aliambiwa kuhusu Dick Whitman, tena mapema, msimu wa tano ukianza anajua na anataja jina hilo wakiwa ndani. Ni kweli. Lakini angalia alivyoambiwa, kama habari ya zamani, jambo lililoisha, na Megan kwa kuwa kijana na anampenda kalipokea hivyo hivyo. Faye hakutaka tu kujua, alitaka Don afanye kitu. Hiyo ndo tofauti, na kwa Don tofauti hiyo inatosha kubadilisha mke.

Na msimu wa tano unamlipa vizuri. Lane Pryce, Mwingereza wa mahesabu, kaghushi saini ya Don kwenye cheki, Don anamtaka ajiuzulu, anamwambia ataanza upya, yeye mwenyewe kaanza upya mara nyingi. Lane anajinyonga ofisini. Mtu wa pili kujinyonga baada ya kupewa na Don ushauri wa kuondoka. Kuanzia hapo Don jino linamuuma, hataki kwenda kwa daktari, anamwona Adam kwenye lifti, kwenye korido, akiwa na alama ya kamba shingoni, na akiwa amelala kwa dawa ya daktari wa meno Adam anamtokea na kumwambia sio jino lako lililooza. Baada ya hapo Don anampeleka Megan kwenye seti ya tangazo alilomtafutia, anamwacha pale kwenye mataa anatembea kurudi gizani, anaingia baa, mwanamke anamuuliza uko peke yako? Msimu unaishia hapo na wala huhitaji kusikia jibu.

Msimu wa sita kwangu ndo dhaifu. Mchepuko ni Sylvia, mke wa daktari jirani wa jengo lile lile, Mkatoliki mwenye msalaba shingoni na yeye nafsi inamsuta, na hilo lingetosha, lakini wakaona lazima watupeleke kule danguroni tena na tena, jinsi Dick alivyolelewa, nani alimfanya nini, mpaka unajisikia unafundishwa. Misimu ya nyuma walituamini zaidi. Kinachouokoa ni Sally, binti yake, kumfumania, na ule mkutano wa chokoleti za Hershey ambapo Don katikati ya biashara anaacha uongo wake mtamu na kuwaambia wateja ukweli wa danguro alikokulia. Anafukuzwa kwa muda. Wageni kawaambia alichoshindwa kumwambia mke wake kwa maana yake yote.

Msimu wa mwisho kuna Diana, mhudumu wa mgahawa, na wengi walimchukia wakasema anapoteza muda wakati sirizi inaisha. Mimi namtetea kwa nguvu zote. Don kapata habari kwamba Rachel Menken kafariki, kaenda msibani kwao hata haruhusiwi kukaa vizuri, na baada ya hapo anamng'ang'ania huyu mama mwenye huzuni ambaye hamjui. Don keshampa Megan cheki ya dola milioni moja waachane, nayo ni dola 5,000 za Adam zilizokua. Diana alifiwa na binti mmoja na akamkimbia mwingine. Yani kwa mara ya kwanza Don kakutana na mwanamke ambaye nafsi inamsuta kama yeye, na anadhani ataweza kumsaidia. Diana anamwambia alipokuwa naye alimsahau mwanae, na hataki kumsahau tena kamwe. Anamfukuza. Hajakutana na mtu kama huyo tangu azaliwe! Dawa yake aliyompa Peggy, aliyompa Lane, aliyoinywa yeye kwa wanawake sijui wangapi, huyu mhudumu maskini kaikataa kwa sababu anaona kusahau ni kumuua mtoto mara ya pili. Don anaendesha gari mpaka Wisconsin kumtafuta. Hampati.

Episodi ya mwisho anafika kwa Stephanie, anamrudishia ile pete ya familia, na Stephanie anamchukua kwenye kituo kimoja pale pwani ya California watu wanakaa duara na kusema yaliyo moyoni. Stephanie naye kamwacha mtoto wake. Akazidiwa akatoka analia, Don anamfuata na, jamani, anatoa yale yale maneno ya hospitali, unaweza kuliweka nyuma hili, litakuwa rahisi ukisonga mbele. Stephanie anamwangalia anamwambia oh Dick, sidhani kama uko sahihi kwa hilo. Anaondoka na gari, Don kabaki hana hata usafiri. Miaka kumi ya hadithi imejengwa ili huyo binti aseme hiyo sentensi.

Na ndo anampigia Peggy simu. Sio mke wa zamani, sio mpenzi. Anamwambia amevunja viapo vyake vyote, amemwaibisha mwanae, amechukua jina la mtu mwingine na hakulifanyia kitu chochote. Jon Hamm alipata Emmy yake mwaka huo wa 2015 na kwa hiyo simu tu angeipata. Baada ya hapo kwenye duara kuna mwanaume wa kawaida kabisa anaitwa Leonard anasimulia anavyojiona kama kitu kwenye rafu ya friji ambacho hakuna anayekichagua, na Don anainuka anamkumbatia wanalia wote. Hajawahi kumkumbatia mtu hivyo tangu Adam pale hotelini. Hapa hamfukuzi.

Watu wanabishana tabasamu la mwisho, kengele, alafu tangazo la Coca-Cola la 1971 la vijana kilimani, kwamba kapona au kageuza machozi kuwa biashara. Mimi naona alirudi akalitengeneza hilo tangazo, na sioni ubaya, ile ndo kazi yake. Ila ukitaka kujua msimamo wa sirizi kuhusu mapenzi usimwangalie Don, mwangalie Peggy dakika chache kabla. Peggy hakufuata ule ushauri wa hospitali. Mwisho wa msimu wa pili alimwambia Pete uso kwa uso kuhusu mtoto, na miaka baadae alimwambia Stan, mchoraji wa ofisini, kwamba kuna mtoto alimzaa akamtoa alelewe na watu wengine na hataki kujua yuko wapi kwa sababu akijua hataweza kuendelea. Stan akasikiliza tu. Huyo Stan ndo anayemwambia kwenye simu episodi ya mwisho kwamba anampenda. Peggy kapendwa na mtu anayejua, na alijua kwa sababu kaambiwa bila kukamatwa.

Malalamiko yangu mengine ni machache. Inakwenda taratibu, kuna episodi nzima hakuna kinachotokea mpaka dakika za mwisho. Na watu weusi wamewekwa pembezoni mno, New York ya miaka ile ya kudai haki na Carla tunamwona miaka yote jikoni bila kujua anarudi kwa nani jioni, Dawn Chambers anaajiriwa ofisini msimu wa tano na anapewa mambo machache mno ya kusema. Huyo Carla kufukuzwa kwake ndo kumemleta Megan California, hadithi kubwa imeegemea mgongoni kwake na hakuna aliyemuaga. Hilo liliniudhi na bado linaniudhi.

Kwa anayetaka kuanza, vumilia mpaka episodi ya tano ya msimu wa kwanza Adam anapoingia, usiruke kitu msimu wa nne, na ile Tomorrowland ukifika angalia mkono wa Megan kila akipita mbele ya kamera.